Stesheni yetu ya redio ya Mombasa: asubuhi tamu, promosheni bado
Hii stesheni naiskiza kila siku kwa matatu toka Bamburi hadi Mwembe Tayari na asubuhi wamepanga sawa kabisa, saa 12 mpaka saa 4 ni habari, foleni ya feri Likoni, simu za wasikilizaji, maana hapo ndo watu wengi wako njiani na wenye biashara wanalipia tangazo bei ya juu. Taarabu za usiku, mashallah.

Lakini juzi wameleta gari lao Kongowea kugawa tishati, spika mpaka mama wa nazi hamskii mteja aliyesimama mbele yake! Na ule mchezo wa kupiga simu ushinde krediti nimengoja dakika 20 nikakatwa. Jamani, mawaidha ya Ijumaa musiyakatize na jingo (vile viwimbo vifupi vya kujitangaza stesheni), hayo ndo yanatufanya tusihame.