Ziara ya bwana afya wa Liverpool: nyota 3, na moja kati ya hizo ni ya Thomas Fresh

Jumamosi nikatoa pauni 14 zangu kwenda kwenye ziara ya miguu Liverpool, mada yake afya ya mji miaka ya 1840, enzi bandari na viwanda vimechanganya. Kampuni siitaji maana malalamiko ninayo na kesi sitaki.

Tulianza kwa kuchelewa dakika 25. Mtembezaji kijana mcheshi kweli, kavaa kofia ndefu nyeusi kama mkaguzi wa zamani, ila kaspika alikokuwa kakaning'iniza shingoni kalikuwa kanakoroma tu, sisi wa nyuma tukawa tunamsoma midomo.

Sehemu iliyonikamata ni pale alipotuambia tusimame kumi na wawili kwenye kajia ka kupita mtu mmoja, tubanane, alafu akasema haya sasa mmeingia uani. Yaani nyumba zimetazamana karibu unaweza kumpa jirani chumvi dirishani, mwisho wa ua vyoo viwili vya watu wote, maji ya kampuni binafsi yanafunguliwa saa chache tu, ukikosa kukinga imekula kwako. Watu zaidi ya 55,000 waliishi kwenye nyua za hivo na wengine zaidi ya 20,000 kwenye vyumba vya chini ya ardhi, namba alizozitaja Dk William Henry Duncan, daktari wa hapo hapo mjini enzi hizo. Mama mmoja pembeni yangu akaomba atoke, kifua kinambana, na hapo tumesimama dakika tatu tu!

Sasa kinachoniuma. Huyu kijana kamsifia Duncan karibu nusu ya ziara, sawa, ndio mganga mkuu wa afya wa mji wa kwanza Uingereza nzima, kaanza 1 Januari 1847 kwa pauni 300 kwa mwaka huku bado anatibu wagonjwa wake binafsi. Newlands injinia wa mifereji ya maji machafu kapata dakika kumi hivi. Thomas Fresh, mkaguzi wa kero (yaani uchafu wa mitaani na majumbani), kapewa sentensi mbili!! Jamani huyo ndo alikuwa bwana afya mwenyewe, ripoti kaandika daktari lakini wa kugonga mlango, kuinamia shimo la choo na kumwandikia mwenye nyumba notisi ni Fresh na vijana wake. Hata uchafu wa vyoo alihangaika nao mpaka ukawa mbolea ya mashamba ya mchanga huko karibu na Formby, stesheni ya Freshfield ina jina lake mpaka leo. Stori tamu hivo unaiachaje?

Nikauliza swali: sheria ya 1846 iliwapa wakuu wa mji nguvu ya kufunga vile vyumba vya chini, na 1847 ndo meli zinashusha Wairishi maelfu kwa maelfu wanaokimbia njaa, homa ya chawa imewaka, sasa bwana afya akimtoa mtu shimoni anampeleka wapi? Kijana akacheka akasema swali zuri, tukavuka barabara. Mi najua jibu, hakuna alikompeleka, walijazana kwa jirani au walirudi humo humo wakaguzi wakigeuza kisogo. Ndo pa kukaa sasa hapo, we unavusha watu barabara.

Kama pesa ni ishu nendeni Museum of Liverpool, kuingia bure, wamejenga upya ua wa aina ile unaingia mwenyewe bila kuharakishwa. Ziara nayo sio mbaya, ile kubanana kwenye kajia museum haikupi.

Vaeni raba. Dakika tisini walizoandika zilifika masaa mawili na robo, na njia nzima hatukusimama sehemu yenye choo hata moja, kwenye ziara ya kuzungumzia vyoo.