Raga kwenye Flashi: Tathmini ya Duka la Video la Mwanga, Kigoma

Duka hili la kuwekea video kwenye flashi, lililopo Mwanga mjini Kigoma, lina wateja wengi wa muvi zilizotafsiriwa na tamthilia za Kituruki, lakini mimi nililiendea kwa haja nyingine. Nafundisha michezo katika shule ya sekondari, na nilitaka wanafunzi waone kwa macho yao jinsi mchezaji anavyogeuka kuwa kocha. Nilimchagua Benjamin Ayimba wa Kenya, nahodha wa zamani wa timu ya taifa ya raga ambaye baadaye aliifundisha timu ya taifa ya raga ya wachezaji saba (aina fupi ya mchezo huo), maarufu kwa jina la Shujaa, nikaomba nitafutiwe mechi na mahojiano yake. Nililipa shilingi 5,000 kwa kujaziwa flashi ya GB 8, bei iliyo nafuu kuliko bando ambalo ningelimaliza kwa kuzipakua mwenyewe, na nilichopewa kinastahili sifa, ingawa zina mipaka.

Kijana anayehudumia alinisikiliza kwa makini. "Shikamoo mwalimu, raga ndiyo ile ya Wamarekani, ya kuvaa helmeti?" aliuliza, na nilipomweleza kwamba hiyo ni nyingine, aliniomba nimtajie majina taratibu ili ayaandike kwenye daftari. Maduka mengi ya aina hii hukujazia flashi kwa chochote kinachofanana na ulichoagiza, kisha ukirudi kulalamika unaambiwa ndizo zilizopo.

Sehemu bora ya mkusanyiko ni mechi mbili za Kenya dhidi ya Fiji, zilizopangwa zikifuatana, nadhani kwa bahati tu. Ya kwanza ni robo fainali ya Kombe la Dunia la raga ya wachezaji saba iliyochezwa Dubai mwaka 2009, ambapo Kenya ilishinda 26-7 kabla ya kutolewa na Argentina katika nusu fainali. Ya pili ni fainali ya Singapore ya Aprili 2016, ambapo Kenya ilishinda 30-7 na kutwaa taji lake la kwanza katika mfululizo wa mashindano ya dunia. Kocha katika mechi zote mbili alikuwa Ayimba. Ieleweke pia kwamba Fiji hiyo iliyochapwa Singapore ndiyo iliyochukua dhahabu ya Olimpiki Rio miezi minne baadaye, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kuwa Kenya ilikutana na wachovu.

Ukizitazama mechi hizo mfululizo, kazi ya kocha inaanza kuonekana. Katika raga ya saba, timu iliyofunga ndiyo inayopiga mpira wa kuanzisha upya, na hivyo aliyefungwa hupewa nafasi ya kuumiliki. Lakini wafungaji wakiruka na kuudaka mpira huo hewani, mpinzani anaweza kukaa muda mrefu bila kuugusa, na katika mchezo ambao kipindi chake kwa kawaida ni dakika 7 tu, muda huo ni mali. Niliisimamisha picha kila mpira ulipoanzishwa upya, nikawataka wanafunzi waeleze kila mchezaji amesimama wapi na kwa nini. Wao ni watoto wa mpira wa miguu, waliozoea kushangilia mfungaji, na ilichukua muda kabla ya kumtazama mtu asiye na mpira. Collins Injera aliwasaidia, kwa kuwa yumo katika vikosi vyote viwili, kijana mwaka 2009 na mkongwe mwaka 2016. Mwezi mmoja baada ya Singapore, akiwa London, aliweka rekodi ya wakati huo ya trai (bao la kuugusisha mpira chini ndani ya eneo la goli la mpinzani) nyingi zaidi katika mfululizo huo.

Sasa nije kwenye kasoro. Duka limebandika tangazo lake, pamoja na namba ya simu, kwenye kona ya juu ya kila video, na kona hiyo ndiyo penye matokeo na saa ya mchezo. Wanafunzi wangu walilazimika kuhesabu pointi kwa vidole. Folda imeandikwa "RAGA KENYA MPYA", ilhali hakuna mechi hata moja mpya ndani yake, na hakuna faili lenye tarehe.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba mkusanyiko unaanzia katikati ya maisha ya mtu. Hakuna hata dakika moja ya Ayimba akicheza, iwe katika klabu ya Impala ya Nairobi au akiwa nahodha wa taifa, na bila miaka hiyo mtazamaji hawezi kuelewa ni kwa nini vijana walimkubali alipohamia benchi. Rio pia haimo. Ayimba aliipeleka timu ileile ya Singapore kwenye Olimpiki ya 2016 na ikamaliza nafasi ya 11 kati ya timu 12, na kwangu hilo ni somo la ukocha lenye uzito kuliko kombe. Kifo chake, kwa upande mwingine, kimo: taarifa ya Mei 2021 kwamba amefariki Nairobi akiwa na umri wa miaka 44 kutokana na malaria iliyompanda kichwani, ugonjwa ambao kwa wanafunzi wa Kigoma haukuhitaji maelezo.

Nililirudia duka kuomba mechi za Rio, na kijana alizitafuta bila kuongeza malipo. Tangazo, hata hivyo, alikataa kuliondoa, akisema ni agizo la tajiri. Anayekwenda kwa kazi ya darasani aombe lihamishiwe chini ya skrini kabla video hazijaanza kunakiliwa, aandike tarehe za mechi kwenye karatasi, na apeleke flashi yake mwenyewe, kwa kuwa zinazouzwa pale ni ghali na hazidumu.