Juliasi Kaizari ya Mwalimu: soma kwa ajili ya Decius

Nimeinunua mtumba, jalada limebandikwa gundi. Tafsiri ya Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, ile aliyoirekebisha mwaka 1969. Wengi huisifu hotuba ya Antony, rafiki wa Kaizari, na kweli inastahili. Mimi aliyenikaba koo ni Decius Brutus, mmoja wa waliopanga kumuua Kaizari, mtu wa mistari michache tu.

Calpurnia ameota sanamu ya mumewe, Kaizari, ikitiririka damu, Warumi wakinawa mikono humo huku wanacheka. Kapiga magoti, kamsihi, na mume kakubali kubaki nyumbani. Ndipo anaingia huyu bwana. Ndoto njema hiyo, asema, damu yako ndiyo uhai wa Roma! Kisha anachomeka: leo Baraza linataka kukuvika taji, usipokuja, watu watacheka kwamba tungoje mkeo aote vizuri. Basi, Kaizari anadai joho lake. Chawa wa wakubwa wa siku hizi wangejifunza kwake.

Baada ya onyesho la kuuawa kwa Kaizari, Decius haonekani tena, ila umati unatajiana nyumba yake ikachomwe moto.

Kasoro: ushairi unataka kusomwa kwa sauti, la sivyo unachosha. Nyota nne.