Daladala ya 505 ya Zanzibar, Uwanja wa Ndege mpaka Darajani: naipa nyota tatu na nusu

Kwa wanaouliza kama 505 inafaa, jawabu langu inafaa, tena sana, na mtu anaeshuka uwanjani na begi la mgongoni tu sioni kwa nini atoe pesa ya teksi. Nauli hata elfu moja haifiki, teksi utaanza kutajiwa elfu thelathini na ukionekana mgeni ndo inapanda zaidi. Unatoka zako nje unasimama barabarani unapunga mkono, gari inakupitisha Kiembesamaki, Mazizini, Migombani, Maisara, unaiona hospitali ya Mnazi Mmoja, ushafika mjini. Barabara ikiwa nyeupe huoni hata safari ilivyokwenda.

Huduma ndani ya gari kwangu ni nzuri kuliko watu wanavyosema. Unabanwa kweli, magoti yako na ya mwenzio mpaka mnajuana, na mchana joto ni lile lile la nje, ila mataniboi (makonda) wengi wana adabu. Juzi kapanda bibi mmoja na ndoo ya pweza, taniboi kaipokea kaifunika vizuri kaiweka karibu na mlango isimwagikie mtu, kisha kampisha bibi akae yeye akaning'inia, hakuna alieambiwa "sogea" kwa ukali. Chenji unarudishiwa bila ugomvi. Hapo sina la kulaumu.

Nyota zinapopungua ni kwenye kusubiri na foleni, na haya mawili yamefungamana. Gari ikianzia stendi haiondoki mpaka ijae, mmekaa ndani mnatoka jasho na injini inanguruma, dereva anasogeza mbele kidogo anarudi nyuma ili mjue anataka kuondoka. Wengi wanamtukana dereva lakini jamani yeye ana hesabu ya kumpelekea tajiri mwenye gari kila siku, mafuta yake, chakula chake na cha taniboi, pesa yote inatokana na vichwa vilivyokaa mle ndani, sasa ataondokaje na viti vitupu? Ndo maana pia atasimama popote akiona mtu kanyanyua mkono, hata katikati ya barabara, na nyuma yake gari zote zinasimama. Ukibadilisha namna dereva anavyolipwa, akalipwa kwa safari alizokwenda na si kwa vichwa, nusu ya mambo haya yanaondoka yenyewe.

Foleni yenyewe kuanzia Mnazi Mmoja mpaka Darajani asubuhi na jioni inachosha, wallahi, kuna siku kipande hicho kinakula muda kuliko safari yote ya kutoka uwanjani. Na ukiangalia ramani utaona kwa nini. Mji Mkongwe umekaa kwenye rasi, zamani upande wa mashariki kulikuwa na mkono wa bahari, ukafukiwa, na barabara ya Mkapa ambayo wazee bado wanaiita Creek Road imepita hapo hapo. Basi anaekwenda sokoni, hospitali, anaekwenda bandarini Malindi kupanda boti ya Dar, anaetoka shamba, yaani vijijini, wote wanakutana njia moja. Soko la Darajani lipo pale tangu 1904, hakuna aliewaza habari ya Noah na bajaji. Leo gari moja inateremsha magunia ya viazi kutoka juu ya keria, jirani yake mtu kapaki nusu barabarani kaingia kununua samaki, na sisi abiria wa 505 tupo nyuma tunahesabu dakika.

Hizi barabara za juu za Amani na Mwanakwerekwe mimi nazipenda, wanaotoka shamba wamepata nafuu na sizibezi hata kidogo. Ila gari zikipita haraka kule zinakuja kujazana mjini haraka zaidi, na mjini hakuna pa kupanua, huwezi kubomoa mtaa ambao tangu 2000 uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Na wala haina haja, kwa sababu mji ule ulijengwa kwa mtu kutembea. Ukishuka Darajani ukaingia vichochoro vya Mkunazini, Forodhani unafika kwa dakika kumi na kitu kwa mguu, kivuli juu, hakuna gari inayoweza kukupiga mbio hapo. Mji unahitaji watu wafikishwe ukingoni tu, na hiyo kazi daladala inaiweza kuliko gari binafsi zote, gari moja ya 505 imebeba watu ambao kila mmoja angekuja na Noah yake tungekuwa tumesimama mpaka Migombani. Na si jambo jipya, kuanzia 1905 kulikuwa na treni ya abiria kutoka Bububu inakuteremsha mpaka Ngome Kongwe, mtu wa shamba alikuwa anaingia mjini bila kutafuta pa kuegesha chochote.

Kwa hiyo ninachokiomba ni gari ziondoke kwa saa, hata viti viwili vitatu vikiwa vitupu, vituo viwe na kivuli na namba ya gari iandikwe pale mgeni aione, na wenye gari binafsi watengewe maegesho nje huko kabla ya Mnazi Mmoja waziache wapande daladala kama sisi.

Kwa anaekuja karibuni: asubuhi ondoka mapema kabla ya saa moja, beba pesa ndogo ndogo, na Ramadhani usisubiri dakika za mwisho kabla ya futari maana gari zinapita zimejaa. Usiku baada ya isha zinakuwa za kubahatisha. Ukiwa na mabegi makubwa au watoto wadogo chukua teksi tu, ila mpatane bei kabla hujapanda.