Feni ya Umeme kwa Gari la Zamani: Ipi Inunuliwe na Ipi Iachwe Dukani

Mwenye Land Rover ya zamani, au pikapu yoyote ambayo feni yake huzungushwa na injini kwa mkanda, hufikia siku anapochoka kuona mshale wa joto ukipanda kila anapokwama kwenye foleni, na fundi akamshauri aweke feni ya umeme. Ushauri huo una msingi. Feni ya mkanda hufuata mwendo wa injini, kwa hiyo huzunguka polepole gari linaposimama, wakati ambapo upepo unahitajika zaidi. Barabarani, ambako kasi ya gari peke yake inatosha kupitisha hewa kwenye rejeta, feni hiyo hiyo huzunguka kwa nguvu na kuila nguvu ya injini bure, maana mwendo wa feni ukiongezeka mara mbili, nguvu inayohitajika kuizungusha huongezeka mara nane. Hata hivyo, rejeta ikaguliwe kwanza, kwa kuwa iliyoziba kwa kutu haiponyeshwi na feni ya aina yoyote.

Ninaipa nafasi ya kwanza feni ya mtumba iliyotolewa kwenye gari dogo lenye injini kubwa kiasi, ikiwa bado ndani ya kava lake la plastiki. Kava hilo ndilo linalonifanya niitangulize mbele ya feni mpya, kwa sababu feni iliyobandikwa tupu kwenye rejeta huvuta hewa katika duara lake tu na kuziacha pembe bila upepo, ilhali kava huilazimisha hewa ipite kwenye rejeta yote. Mnunuzi aende Gerezani, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, au Kirinyaga Road jijini Nairobi akiwa na vipimo vya rejeta yake kwenye karatasi, na asikubali kuuziwa feni bila soketi yake. Aizungushe kwa kidole: ikikwaruza au ikichezacheza kwenye shafti, airudishe. Aitazame soketi kwa makini, kwani plastiki iliyogeuka kahawia kuzunguka pini ni dalili kwamba mota imekuwa ikivuta umeme mwingi kupita kiasi. Kisha aombe ifungwe kwenye betri kwa dakika chache. Muuzaji anayekataa jambo hilo ameshajibu swali.

Nafasi ya pili ni feni mpya ya mtengenezaji anayejulikana, kama vile Spal ya Italia, ambaye hueleza wazi kiasi cha hewa na cha umeme. Mota yake haijachoka na uzani wake ni mdogo, lakini kava mara nyingi litabidi lichongwe na fundi bati, na gharama hiyo husahaulika dukani. Ichaguliwe ya kuvuta, inayokaa upande wa injini. Ya kusukuma, inayokaa mbele ya rejeta, huziba njia ya upepo gari linapokwenda kasi, na inafaa tu pale ambapo nyuma hakuna nafasi. Anayedhani kwamba ataigeuza moja kuwa nyingine kwa kubadilisha nyaya ajue kuwa mapanga yaliyopindwa kwa upande mmoja hufanya kazi dhaifu yakizungushwa kinyume.

Ya mwisho kabisa ni ile isiyo na jina, inayouzwa pamoja na vibanio vya plastiki vya kupenyezwa katikati ya rejeta. Vibanio hivyo hutikisika siku nzima na hatimaye hukwangua mirija mpaka maji yavuje.

Gharama nyingine iko kwenye umeme. Feni moja kubwa huweza kuvuta ampea 30, yaani takriban wati 400, na Land Rover nyingi za Series III zilitoka kiwandani na alteneta, yaani mashine inayozalisha umeme wa gari, ya Lucas ya ampea 34. Ukiwasha taa na waipa usiku wa masika, betri ndiyo itakayolipa deni. Kwa hiyo bajeti iwe na alteneta kubwa zaidi, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa) na fyuzi za ampea 40, na waya wa milimita za mraba 6. Swichi ya joto nayo iendane na themostati, yaani kizibo kinachofunguka kwa joto na kuruhusu maji yaende kwenye rejeta: kama themostati hufunguka kwenye nyuzi 82, swichi iwashe feni karibu na nyuzi 92 na kuizima kwenye 87, kwani ikiwekwa chini ya themostati feni haitapumzika kamwe. Mkanda wenyewe usiondolewe, kwa sababu katika injini nyingi ndio unaozungusha pampu ya maji.

Baada ya kufunga, karatasi ya daftari iwekwe mbele ya rejeta feni ikiwa inazunguka. Ikinaswa katikati lakini ikaanguka kwenye pembe, kava lina mianya.

Kwa gari la dizeli linalopandisha mzigo mlima Kitonga kwa gia ya pili, mpangilio huu wote ninaubatilisha. Hapo injini huzunguka kwa nguvu huku gari likitambaa, hali ambayo feni ya mkanda huimudu vizuri, na fedha zitumike kununua klachi mpya ya feni, yaani kiungo kati ya feni na injini, ile yenye mafuta mazito ya silikoni ndani. Ukiishika feni kwa mkono injini ikiwa imezimwa na ikiwa ya moto, nayo ikazunguka kwa urahisi bila ukinzani wowote, basi klachi iliyopo imekwisha.