Kliniki ya ngozi hospitali ya rufaa ya mkoa: foleni ndefu ila kazi wanaijua

Jamani kama una madoa au muwasho umegoma kuisha na kabatini umejaza tyubu za krimu, nenda kliniki ya ngozi. Sio lazima ufunge safari mpaka hospitali kubwa kama Muhimbili ya Dar au KCMC ya Moshi, zipo hospitali za mkoa zenye siku maalum ya ngozi kwenye wiki na watu wengi hawajui. Mi naipa nyota nne kati ya tano ya huku kwetu.

Mwanangu alianza na mapunye, nywele zinakatika zinabaki viduara vyenye magamba, halafu na mimi nikaota mashilingi, yale madoa ya duara ya fangasi, shingoni na mkononi. Duka la dawa nikapewa ile krimu ya mchanganyiko, betamethasoni, klotrimazoli na jentamisini kwenye tyubu moja, muuzaji hata doa hakuliangalia, nimesema nawashwa basi akanyoosha mkono juu ya shelfu. Na krimu zile zinadanganya vibaya mno, ukipaka muwasho unakata haraka unasema nimepona, ukiacha wiki haiishi limerudi na limetanuka. Dokta wa kliniki ndo alinifafanulia, ile betamethasoni ni steroidi, inatuliza uvimbe na muwasho huku inaulegeza ulinzi wa ngozi, fangasi anaendelea kula taratibu chini, na ule ukingo wa duara ambao ungemwonyesha mtu kwamba hizi ni fangasi unafutika. Ndo maana langu la shingoni kila aliyeliona alikuwa na jina lake, huyu aleji, yule pumu ya ngozi, mwingine anasema nimejichubua.

Sasa nisifie kinachostahili sifa. Yule dokta hakuandika dawa mpaka ameangalia. Alitusogeza dirishani penye mwanga wa jua, akasema ngozi nyeusi wekundu haukai kama kwenye picha za vitabuni ambazo nyingi ni za Wazungu, kwetu unakuja kahawia au zambarau iliyoiva, ukiangalia haraka chini ya taa unaupita. Akauliza nani mwingine ndani anawashwa, mtoto ananyolewa wapi, kuna paka, nimepaka nini na kwa muda gani. Lile la mkononi lilikuwa limepauka, akaniambia mama fumba macho, akawa ananigusa na nyuzi za pamba mi nionyeshe kwa kidole pale nilipoguswa. Anapima ukoma. Moyo ulinipasuka kwa kweli, lakini nilihisi kila mguso, na alinieleza bila kunitisha kwamba baka la ukoma mara nyingi linakuwa limekufa ganzi, na hata ungekuwa ndo wenyewe dawa zake ni bure, miezi 6 au 12 kutegemea aina, na unapona.

Halafu kipimo. Alikwangua ukingo wa doa na kisu kidogo, kwenye ukingo hasa na sio katikati maana fangasi wako hai pale pembeni, unga ukadondokea kwenye kioo, akaweka tone la kemikali ya KOH inayoyeyusha seli za ngozi, tukasubiri. Kwa mtoto alichomoa vinywele vilivyokatika na kibano, alilia kidogo tu. Kwenye hadubini aliniita nichungulie, nikaona nyuzi nyembamba zenye matawi zimekatiza humo, akasema hao hapo. Kipimo chenyewe hakikufika hata elfu kumi, hela niliyomaliza kwenye tyubu ni zaidi ya hapo.

Dawa nazo zilikuwa na maelezo. Mtoto kapewa griseofulvini ya kumeza kwa uzito wake, wiki 6 hadi 8, ameze na maziwa au chakula chenye mafuta ili iingie vizuri mwilini, kwa sababu mapunye fangasi anakaa ndani ya nywele na kwenye shina lake, krimu ya kupaka juu haimfikii. Mimi terbinafini ya kupaka isiyo na steroidi, nipake mpaka nje kidogo ya doa na nisiache likionekana limeisha. Akanionya mapema ukiacha ile krimu ya zamani ngozi itachachamaa kwanza, usikimbilie kuirudia. Na kweli ilichachamaa, bila kuambiwa ningerudi dukani siku ileile.

Nilipomsifia akasema amesomea Moshi, kile chuo cha ngozi cha RDTC pale KCMC, kimeanza 1992 na kinachukua matabibu na wauguzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Mabingwa wa ngozi ni wachache sana, watu kama hawa ndo wanatubeba huku mikoani, naomba serikali iwaongeze, kila wilaya ipate angalau mmoja.

Nyota iliyopungua ni kwa sababu kliniki ni siku moja tu kwa wiki, na chumba kimegawanywa na pazia, mzee wa upande wa pili alikuwa anaelezea upele wa sehemu za siri tunasikia wote, inauma, mtu mwingine hatarudi tena kwa aibu hiyo. Griseofulvini pia famasi ya hospitali haikuwepo, nikanunua nje.

Ukienda wahi asubuhi, vaa nguo rahisi kuvua maana wanataka kuona mwili na sio doa moja tu, usipake mafuta wala poda siku hiyo, na kama ulikuwa unatumia dawa ya fangasi mwambie kabla hajakwangua kwa sababu kipimo kinaweza kutoka safi wakati bado wapo. Beba tyubu zote ulizowahi kupaka, hata zile za kung'arisha, weka kwenye mfuko umwonyeshe, yangu alizisoma moja moja na mbili zilikuwa na klobetasoli, steroidi kali kuliko hata ile ya kwanza, na kwenye boksi mbele imeandikwa krimu ya urembo.