Maji ya ozoni kwa usafi wa nyumba: kipi ununue Uganda, na kipi ukiache dukani

Ukiingia duka la vifaa vya nyumbani Kampala, au ukitafuta mtandaoni, hutakosa kuonyeshwa kisanduku cheupe chenye mrija na jiwe dogo la kutoa mapovu. Muuzaji atakuambia kinaua asilimia 99.9 ya vijidudu bila kemikali. Si uongo mtupu. Ozoni huua bakteria na virusi, tena upesi kuliko klorini, na mji wa Nice nchini Ufaransa ulianza kuitumia kutibu maji ya kunywa mwaka 1906. Lakini mtambo wa mji ni kitu kingine na kisanduku cha jikoni ni kitu kingine.

Ozoni ni oksijeni yenye atomu tatu badala ya mbili, na haitulii. Kwenye maji safi yasiyo ya moto wala baridi sana, nusu yake hutoweka ndani ya dakika 20 hivi. Maji yakiwa na uchafu, au yakiwa ya uvuguvugu, hutoweka mapema zaidi, ndiyo maana maji ya Kabale asubuhi yataishika vizuri kuliko maji ya Arua mchana. Kwa hiyo hakuna maji ya ozoni ya kuweka kabatini. Ukikuta mtu anauza chupa zenye jina hilo, anakuuzia maji. Kinachouzwa kwa haki ni mashine, na swali ni moja tu: maji yanapofika kwenye ubao wa kukatia nyama, yamebaki na ozoni kiasi gani?

Mpangilio ufuatao ni wa nyumba ya kawaida ya hapa kwetu: maji ya bomba yanayokatika au ya jerikeni, umeme wa kubahatisha, jiko dogo.

1. Sabuni, kisha Jik

Najua hukufungua ukurasa huu kusoma habari za Jik, ile dawa ya klorini ya majimaji. Hata hivyo inashika nafasi ya kwanza, na sababu si bei peke yake. Ozoni haiondoi mafuta. Klorini nayo haiondoi mafuta. Meza iliyokatiwa kuku lazima ioshwe kwa sabuni kwanza, vyovyote utakavyomalizia, kwa maana ute na damu hula dawa kabla haijafika kwa vijidudu.

Soma lebo. Jik nyingi zina sodiamu haipokloraiti ya asilimia 3.5. Vijiko viwili vya mezani ndani ya lita moja ya maji vinakupa asilimia 0.1 hivi, nguvu inayotosha meza, vitasa na sinki. Acha pabaki pamelowa dakika 10, kisha suuza panapowekwa chakula. Changanya ya siku hiyo tu, na chupa isikae juani, kwani hata Jik hupungua nguvu. Usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo yenye asidi, maana hewa itakayotoka ni sumu.

Kwa mlipuko wa ugonjwa mambo hubadilika. Ebola ilipotangazwa Mubende Septemba 2022, na tena Kampala Januari 2025, dawa ya kutakasa ilikuwa klorini, na Shirika la Afya Duniani hupendekeza asilimia 0.5 kwa sehemu zilizochafuliwa: kipimo 1 cha Jik kwa vipimo 6 vya maji. Katika hali hiyo mashine ya ozoni iweke pembeni kabisa.

2. Klorini ya unga au ya vidonge

Inafaa shule, kliniki, nyumba za wapangaji wanaochangia choo. Unga wa HTH una klorini ya asilimia 65 hadi 70, kwa hiyo gramu 7 kwa lita moja zinafikia ile asilimia 0.5. Ni kali. Usiipime kwa mkono mtupu, na usiihifadhi karibu na mafuta ya taa au petroli. Kwa familia ya watu watano ni nyingi mno.

3. Chupa ya kupuliza inayotengeneza ozoni yenyewe

Hapa sasa ndipo ozoni inapoanza kuwa na maana. Chupa hii hupitisha umeme wa betri ndani ya maji yenyewe, kwa hiyo ozoni huzaliwa ikiwa tayari imo majini. Haipulizwi kutoka nje. Unabonyeza, unasubiri sekunde chache, unapuliza, na unatumia papo hapo. Betri ikiwa imechajiwa, umeme ukikatika unaendelea na kazi.

Faida yake halisi ni kwamba haiachi kitu nyuma. Friji, kiti cha kulishia mtoto, ubao wa matunda: ozoni inarudi kuwa oksijeni, hakuna harufu ya Jik kwenye nanasi. Mwenye ngozi inayowashwa na klorini ataiona thamani yake.

Uliza elektrodi zimetengenezwa kwa nini. Zile zenye utando wa almasi bandia hudumu na hutoa ozoni ya kutosha. Muuzaji akisema tu kwamba ni chuma kizuri, jihadhari. Uliza pia kama elektrodi za akiba zinapatikana. Maji yenye chokaa huziganda, na utahitaji kuzisafisha kwa siki mara kwa mara. Usitie chumvi ili ifanye kazi haraka, kama wengine wanavyoshauri. Ukitia chumvi utakuwa umetengeneza klorini, na hiyo unayo tayari kwa bei ya Jik.

4. Mashine ya kufunga kwenye bomba

Ni nzuri kwa mkahawa au nyumba ya kulelea watoto yenye maji ya uhakika ya NWSC, shirika la taifa la maji. Hutoa maji mapya mfululizo, unayatumia yakitiririka. Lakini inahitaji presha, fundi, na kifaa cha kulinda umeme unapopanda na kushuka. Kama maji yako ni ya kisima chenye madini ya chuma, achana nayo: ozoni itamalizikia kwenye chuma na maji yatageuka kahawia.

5. Kisanduku chenye mrija na jiwe la mapovu

Hiki ndicho kinachouzwa kwa wingi, na ndicho kilichonifanya niandike. Kwenye boksi kumeandikwa, tuseme, miligramu 400 kwa saa. Namba hiyo inaeleza gesi inayotoka kwenye mrija. Haisemi lolote kuhusu kilicho ndani ya maji.

Fanya hesabu. Dakika 10 za miligramu 400 kwa saa ni kama miligramu 67. Ukiyaelekeza kwenye jerikeni ya lita 20, hata kama gesi yote ingeyeyuka, ungepata miligramu 3.3 tu kwa lita. Haiyeyuki yote. Mapovu ni makubwa, yanapanda na kupasuka kama ya soda iliyofunguliwa, na gesi inabaki jikoni nawe. Jiko la mita 3 kwa 3, lenye dari ya mita 2.5, linahitaji miligramu 4.5 tu za ozoni hewani kufikia kiwango cha 0.1 kwa milioni, ambacho Marekani imekiweka kuwa kikomo kwa wafanyakazi kwa saa nane. Basi ile harufu kali ambayo muuzaji anakuambia ni dalili kwamba kazi inafanyika, ni ozoni iliyokosa maji na kuingia kwenye mapafu yako. Nyumba yenye mtu wa pumu isiwe nayo.

Pia kisanduku hiki huvuta hewa ya chumbani na kuipiga cheche za umeme. Hewa ya unyevu, kama ya Entebbe au Jinja, hushusha uzalishaji na huacha asidi kidogo ndani ya mashine. Mrija wa mpira wa kawaida hupasuka. Wa silikoni ndio unaovumilia. Ukishakuwa nacho, tumia lita moja au mbili za maji baridi, chombo chembamba kirefu ili mapovu yasafiri mbali, dirisha wazi, na maji uyamwage juu ya mahali pa kazi mara tu mashine inapozimwa. Karatasi za kupimia ozoni majini zipo; anayeuza mashine bila kuweza kukupimia mbele yako, hajui anachouza.

Usinunue

Mashine za kufukiza chumba kwa ozoni, zinazouzwa kwa kuondoa harufu na vijidudu hewani. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limesema wazi kwamba kwa kiwango kisichomdhuru mtu hazifanyi kazi ya maana, na kwa kiwango kinachoua vijidudu zinamdhuru mtu.

Jina hilo la EPA utalikuta pia kwenye maboksi mengine, likifuatiwa na namba ya kiwanda. Muuzaji ataligeuza kuwa idhini ya Marekani. Namba hiyo inatambulisha kiwanda kilikotengenezwa kifaa tu; EPA haikukijaribu kama kinaua vijidudu. Alama unayoitafuta hapa ni ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, na kwa mashine zinazoletwa mmoja mmoja kupitia mtandao mara nyingi haipo. Basi dai risiti, dhamana iliyoandikwa, na plagi ya pini tatu ya volti 240 iliyotoka nayo kiwandani, isiyofungwa kwa adapta ya kuunganishwa dukani.